Saa Mbili za Jioni: Uzoefu wa Safari Ndefu na Watoto Wadogo Tukivuta Trela la Kulala

Watu wanaotuuliza kuhusu safari ya kuvuta trela la kulala tukiwa na watoto wadogo huanza, karibu wote, na maswali ya barabarani: tuliendesha kilomita ngapi kwa siku, watoto walivumiliaje kukaa garini muda wote huo, na gari lilipandaje milima likiwa na mzigo mgongoni. Ni maswali ya haki na nitayajibu, lakini baada ya kuishi hivyo kwa majuma mengi nimeshawishika kwamba siku ya safari ya namna hii haiharibikii barabarani. Huharibika, au huokoka, katika saa mbili za mwisho, tangu gari linapoiacha barabara kuu hadi mtoto wa mwisho anapofumba macho. Katika muda huo wazazi wamechoka, watoto wanataka kukimbia kwa sababu wameshinda wamefungwa mikanda, trela bado limeegemea upande mmoja, maji hayajaunganishwa, chakula hakijabandikwa, na jua linazama bila kumsubiri mtu. Karibu kila utaratibu tuliojiwekea, hata ule unaoonekana kuhusu upangaji wa mizigo au upepo wa tairi, ulitokana na nia ya kuzifanya saa hizo mbili ziwe nyepesi.

Tulikuwa watano: mimi, baba yao, kifungua mimba aliyekuwa amekwisha kuanza shule, wa kati aliyekuwa hajafika umri huo, na kitinda mimba aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Trela letu lilikuwa dogo, la ekseli moja, yaani mhimili mmoja wa magurudumu, lenye kitanda cha watu wazima upande mmoja, vitanda vya kupandana upande wa pili, na katikati jiko la gesi, friji na meza inayokunjwa. Mwenye trela kubwa la ekseli mbili atakuta baadhi ya mambo ninayoyasema yakienda tofauti kidogo, hasa katika kurudi nyuma, lakini watoto ni walewale.

Trela hupakiwa kwa kufuata uzito kwanza na urahisi baadaye, na hapo ndipo mvutano wa kwanza unapotokea. Vitu vizito, kama vyakula vya makopo, sanduku la spana na hema la mbele, hukaa sakafuni karibu na ekseli, na vyepesi hupanda kwenye makabati ya juu. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, pua ya trela hunyanyuka, kiungio, yaani mahali trela linaposhikana na gari, hukosa uzito wa kutosha wa kukandamiza gari, na trela huanza kuyumba mara tu mwendo unapopanda au lori kubwa linapopita kwa kasi. Watengenezaji wengi wa Amerika ya Kaskazini hutaka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela iangukie kwenye kiungio, ilhali Ulaya, ambako magari mengi huruhusiwa uzito mdogo zaidi mahali hapo, hutajwa takriban asilimia 5 hadi 7. Mwenye kauli ya mwisho ni kitabu cha gari na cha trela lenyewe. Sisi tulikwenda kwenye mizani ya malori kabla ya kuondoka, trela likiwa na kila tulichokusudia kubeba, kwa kuwa uzito anaoutaja muuzaji aghalabu ni wa trela tupu. Familia yenye mtoto wa nepi huongeza kilo kwa njia isiyoonekana: pakiti za nepi zenyewe ni nyepesi, ila hula nafasi, na nafasi hiyo ikishaliwa vitu vizito husukumwa nyuma mahali visipotakiwa. Maji nayo si ya kudharau. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 80 lililojaa ni sawa na kumbeba mtu mzima aliyelala chini ya sakafu, na kama tangi liko nyuma ya ekseli, mtu huyo anainyanyua pua ya trela. Tulisafiri na maji ya kunywa na kunawa tu, tangi tukalijaza tulipofika.

Baada ya uzito ndipo urahisi ulipopewa nafasi yake. Karibu kabisa na mlango tuliweka sanduku moja la plastiki ambalo watoto waliliita sanduku la jioni. Ndani yake mlikuwa na kabari za tairi, mbao nyembamba za kusawazishia, pimamaji, tochi ya kuvaa kichwani, nguo za kulala za watoto wote watatu, nepi chache, taulo moja na chakula kikavu cha kutuliza njaa ya kwanza. Sharti lilikuwa kwamba sanduku hilo lifikiwe bila kuhamisha kitu chochote, hata kama mvua inanyesha na hata kama mwenye kulitafuta amembeba mtoto kwa mkono mmoja. Kwa maoni yangu hakuna kifaa cha gharama kilichotusaidia kuliko sanduku hilo, na nimekutana na wasafiri wenye matrela ya fahari ambao jioni hufungua kabati moja baada ya jingine wakitafuta tochi.

Ukaguzi wa asubuhi ulikuwa kazi ya kifungua mimba, na si kwa kumfurahisha tu. Mtu mzima aliyekagua jambo lilelile siku nyingi mfululizo huanza kuliona bila kulitazama, lakini mtoto aliyepewa kadi yenye orodha huisoma neno kwa neno na hamsamehe mtu. Alikuwa akisimama mbali nyuma ya trela, ubavuni mwa baba yake, mimi nikikanyaga breki na kuwasha taa za kona, naye akipaza sauti: "Kushoto! Kulia! Breki! Mama, breki ya kulia haiwaki!" Mara nyingine taa ilikuwa inawaka ila jua limeipiga usoni, mara nyingine kweli plagi ilikuwa imelegea. Orodha iliendelea na minyororo ya usalama iliyopishana chini ya kiungio, waya wa breki ya dharura uliofungwa kwenye gari, vali ya mtungi wa gesi iliyofungwa, madirisha ya paa, gurudumu dogo la mbele linaloliegemeza trela lisipofungwa kwenye gari, likiwa limepandishwa, na ngazi ya mlangoni iliyokunjwa. Nati za magurudumu tulizikaza tena kwa spana ya kipimo baada ya kilomita 80 hivi za kwanza, kwa sababu nati za gurudumu lililotoka kufungwa huweza kulegea. Tairi za trela hustahili uangalifu wa pekee, maana nyingi hufa kwa uzee zikiwa bado na kashata nzuri, hasa zikiwa zimesimama muda mrefu juani. Umri wake husomeka ubavuni kwa tarakimu nne za mwisho za msimbo wa kiwanda: 3521, kwa mfano, ni wiki ya 35 ya mwaka 2021.

Sasa nijibu swali la kilomita. Tulipanga nusu ya umbali ambao tungeuendesha tukiwa wawili bila trela, na hata nusu hiyo mara nyingine ilikuwa nyingi. Kishawishi cha kuongeza mwendo ili kufidia vituo vingi ni kikubwa, na njia bora ya kukishinda ni kupiga hesabu kabla hujakaa nyuma ya usukani. Kwa kilomita 300, mwendo wa kilomita 80 kwa saa huchukua saa tatu na dakika 45, na mwendo wa kilomita 100 huchukua saa tatu; tofauti ni dakika 45. Lakini nguvu ya hewa inayozuia gari huongezeka kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo katika badiliko hilohilo nguvu hiyo huongezeka kwa zaidi ya nusu ya ilivyokuwa, mafuta yanakwenda, breki zinadai umbali mrefu zaidi wa kusimama, na trela linakuwa tayari zaidi kuyumba. Dakika 45 ni pungufu ya kituo kimoja cha mtoto anayetaka kutazama sisimizi. Trela likianza kuyumba, dawa ni kuondoa mguu kwenye mafuta taratibu na kuushikilia usukani ukiwa umenyooka. Anayekanyaga breki za gari kwa ghafla au kuongeza mafuta akidhani atalinyoosha huzidisha balaa. Kwenye mteremko mrefu tuliingia na gia ya chini tangu juu, injini ikashika uzito, breki zikabaki baridi kwa ajili ya dharura.

Kitinda mimba ndiye aliyeamua saa ya kuondoka. Tulikula asubuhi, tukafunga kila kitu bila haraka, tukamwacha acheze hadi karibu na usingizi wake wa kwanza, kisha tukaingia barabarani, naye akalala wakati sisi tunakata sehemu ndefu ya safari. Kiti chake kilitazama nyuma. Kanuni namba 129 ya Umoja wa Mataifa kuhusu viti vya watoto vya gari inataka mtoto atazame nyuma walau hadi afikishe miezi 15, na wataalamu wengi wa usalama hushauri aendelee hivyo zaidi ya hapo kadiri kiti kinavyomtosha, kwa kuwa kichwa chake ni kizito kulingana na shingo, na katika mgongano wa mbele mgongo wa kiti hukipokea kichwa hicho badala ya shingo kukivuta. Hatukumwacha kitini zaidi ya saa mbili bila kumtoa na kumlaza au kumwachia atambae. Hapo ndipo trela linapoonyesha faida ambayo hoteli haiwezi kuitoa: kituo chochote salama cha kuegesha kinakuwa nyumbani, na mtoto hubadilishwa nepi kwenye kitanda anachokijua. Hilo hufanyika gari likiwa limesimama tu. Mtoto, na hata mtu mzima, hapandi kwenye trela linalovutwa, hata akiwa amelala fofofo na inaonekana ni ukatili kumwamsha, kwa sababu humo ndani hakuna kiti wala mkanda wa kumlinda.

Wa kati ndiye aliyetapika. Kichefuchefu cha safari huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka miwili na 12. Walio chini ya hapo mara nyingi husalimika. Sikio la ndani linahisi kwamba mwili unakwenda, macho yaliyoinamia kitabu yanasema umetulia, na ubongo unaopokea habari mbili zinazopingana huishia kulichafua tumbo. Dalili nilikuja kuzijua kupitia kioo cha ndani: kwanza mtoto msemaji ananyamaza, kisha anapiga miayo, halafu midomo inapauka na jasho linamtoka juu ya mdomo. Tangu kunyamaza hadi kutapika tulikuwa na dakika chache, na dakika hizo zilitosha kama hatukuzipoteza kwa kumuuliza anajisikiaje. Tulifungua dirisha, tukamwambia atazame mbali kule barabara inapoishia, tukatafuta pahali pa kusimama. Tulimhamishia kiti cha kati, ambako aliiona barabara kupitia kioo cha mbele, vitabu vya picha vikapigwa marufuku gari likiwa linakwenda, na nafasi yake ikachukuliwa na hadithi za kusikiliza na vitendawili. Kabla ya kuondoka alikula kidogo na kikavu, si tumbo tupu wala tumbo lililojaa. Chini ya kiti changu nilikuwa na kopo pana lenye kifuniko, ndani yake mfuko na kitambaa kilicholowa. Kopo lenye kifuniko ni bora kuliko mfuko peke yake, na aliyewahi kushika mfuko wenye tundu ataelewa bila maelezo zaidi.

Kuhusu skrini sina ugomvi na mtu. Kuna wazazi wanaoziona kama zinaharibu safari, na kuna wanaoziwasha tangu geti la nyumbani. Kwetu zilifunguliwa katika saa ya mwisho ya barabara, kwa wale wasiopatwa na kichefuchefu, kwa sababu watoto waliofika wakiwa wametulia ni nusu ya kazi ya jioni iliyokwisha kufanyika.

Tulikusudia kufika saa tisa alasiri, na saa kumi ndiyo ilikuwa mwisho. Waliotuona tukisimama mapema hivyo, jua likiwa bado juu na barabara ikiwa nyeupe mbele yetu, walidhani gari limeharibika. Lakini kusimamisha trela mchana na kulisimamisha gizani ni kazi mbili tofauti. Mchana unaona tawi lililoning'inia, jiwe lililofichwa na nyasi na ardhi inayokaa maji, na watoto wanapata saa mbili za kukimbia kabla ya kula. Gizani huoni kitu, na watoto hawana mahali pa kwenda isipokuwa miguuni mwako.

Mimi ndiye niliyekuwa nikirudisha trela nyuma, baba yao akielekeza. Ufundi wenyewe unaelezeka kwa maneno machache: shika usukani kwa chini, na upande unaosogeza mkono ndiko nyuma ya trela itakakoelekea, sogeza kidogo, polepole, kisha lifuate trela kabla halijapinda kupita kiasi. Trela fupi hugeuka haraka na kusamehe kidogo, refu huchelewa na kutoa nafasi ya kurekebisha. Kilicho kigumu zaidi ni lugha baina ya watu wawili. Mtu anayesema "kushoto" anaweza kuwa na maana ya kushoto kwake, kushoto kwa dereva, kushoto kwa usukani au kushoto kwa mkia wa trela, na ndoa nyingi zimetikisika katika viwanja vya kambi kwa ajili ya neno hilo moja. Tulikubaliana kwamba upande unaotajwa ni ule ambao mkia wa trela uelekee, daima. Kwamba mwelekezaji asimame mahali ninapomwona kwenye kioo cha pembeni na nikimpoteza kiooni nisimame papo hapo. Kwamba tuzungumze kwa simu badala ya kupigiana kelele. Na kwamba neno "simama" halijadiliwi. Kushuka na kwenda kutazama mwenyewe si aibu hata kidogo. Nilishuka mara kwa mara, na wapita njia waliokunja mikono kututazama walizoea.

Watoto walibaki wamefungwa mikanda garini hadi trela lilipotulia mahali pake. Najua wako wanaoona ni afadhali watoto washuke wakacheze kwanza, na katika uchovu wa alasiri wazo hilo huvutia sana, lakini nyuma ya trela kuna eneo kubwa ambalo hakuna kioo kinacholifikia, na mtoto wa umri wa kitinda mimba wetu hufuata sauti ya mzazi wake popote inapotoka. Injini ilibaki ikiwaka na dirisha likiwa wazi nilipokuwa ndani. Na kama ilibidi sote wawili tutoke, watoto walitoka nasi. Ndani ya gari lililofungwa juani joto linaweza kupanda kwa nyuzi kama 10 za Selsiasi katika dakika 10 tu za mwanzo.

Baada ya hapo kazi hugawanyika, na mgawanyo huu ndio moyo wa saa mbili zile. Mmoja anabaki na trela, mwingine anaondoka na watoto wote watatu, mbali, kwa matembezi ya kuijua kambi: bomba liko wapi, choo kiko wapi, mpaka wa kutembea peke yako ni mti upi. Wazazi wawili wakibaki pamoja kwenye trela na watoto wakizunguka, hakuna kazi inayokwisha. Anayebaki hufuata mpangilio usiobadilika. Kwanza anasawazisha upande na upande, kwa kuliburuta gurudumu lililo chini lipande juu ya ubao, gari likiwa bado limeunganishwa. Kisha anaweka kabari pande zote mbili za tairi. Ndipo anafungua kiungio, minyororo na plagi, na kusawazisha mbele na nyuma kwa gurudumu la mbele. Miguu ya pembeni hushushwa mwisho, nayo ni ya kulizuia trela lisitikisike, haikutengenezwa kulinyanyua.

Pimamaji si kwa ajili ya usingizi tu. Friji nyingi za matrela hazina mota. Huendeshwa na joto, la gesi au la umeme, kwa mfumo ambao wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliubuni mwaka 1922. Ndani yake amonia huzunguka kwa kutegemea mvutano wa ardhi, na trela likilala upande kupita kiasi mzunguko hudorora, friji ikaacha kupoza, na maziwa ya mtoto yakachacha huku taa ya friji ikiendelea kuwaka kama kwamba mambo yako sawa.

Gesi ndiyo iliyonipa hofu kuliko barabara yoyote. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni, ndiyo maana matrela huwa na matundu ya hewa chini, na ndiyo maana matundu hayo hayazibwi kwa blanketi hata usiku wa baridi kali. Kaboni monoksidi nayo haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamshwi nayo. Tulikuwa na kengele ya kuitambua, tuliijaribu kila tulipobadilisha kambi, na hatukuwasha jiko kwa ajili ya kuota moto. Mkaa, hata ule unaoonekana umezimika, haukuingia ndani ya trela wala chini ya hema lake. Baridi tuliishinda kwa soksi, kofia na tabaka za nguo.

Chakula cha jioni kilikuwa kimepikwa asubuhi au jana yake, kikabaki kupashwa moto. Mapishi ya kujivunia tuliyaacha kwa siku za mapumziko. Watoto walikula nje walivyokuwa, wakaoshwa miguu, mikono na uso kwenye beseni, wakavaa nguo za kulala jua likiwa bado halijazama, ili lolote litakalofuata, hata wakisinzia wakiwa wamekaa, lisidai kuvuana nguo gizani.

Usingizi wenyewe ulikuwa na shida zake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataja saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka mitatu na minne, usingizi wa mchana ukiwemo. Katika chumba kimoja cha mita chache, ambamo anayegeuka kitandani anawatikisa wote, saa hizo hazipatikani kwa bahati. Tulikuwa tumewalaza kwenye trela likiwa limeegeshwa nyumbani kabla ya safari, siku kadhaa, hadi vitanda vile vikawa vyao. Tulibeba mashuka yao yaleyale bila kuyafua dakika za mwisho, kwa ajili ya harufu. Mpangilio haukubadilika hata tulipochelewa: kunawa, hadithi moja, taa kuzimwa, pazia zito kufungwa. Kitinda mimba alilazwa kwanza huku wakubwa wakiwa nje na baba yao, na wakubwa waliingia baada yake kwa kunyata, jambo ambalo walilifanya kuwa mchezo na kwa kawaida walilifanya vizuri kuliko sisi. Taa za ndani tulizitumia kwa uchache, kwa sababu betri ya asidi na risasi ya volti 12 huchakaa haraka ikishushwa mara kwa mara chini ya nusu ya chaji yake. Kipimo kikionyesha volti 12.1 betri ikiwa imepumzika, nusu hiyo imefika.

Usiku mmoja mahali pamoja haukutufaa. Kazi ya kusimika na kung'oa ni ileile, ulale usiku mmoja au mitano, na watoto huanza kucheza kwa raha siku ya pili, wakishajua jiwe lao liko wapi. Kwa hiyo tulisafiri siku moja, tukapumzika siku moja au zaidi. Mvua ilipotunasa tulikaa ndani asubuhi, tukatoka na makoti ya mvua mchana, na jioni tulining'iniza nguo mbichi chini ya hema la mbele. Sioni cha kuongeza hapo.

Kwa familia inayofikiria kununua trela, ningeshauri ikodi kwanza, na kabla ya kukodi au kununua ifanye jaribio moja ambalo wauzaji hawalipendi. Ingieni nyote, fungeni mlango kana kwamba mvua inanyesha, kisha mmoja ambadilishe mtoto nepi kitandani huku mwingine akijifanya anachemsha maji na mtoto mkubwa akitafuta viatu vyake. Angalieni kama mlango unaweza kufunguliwa meza ikiwa imekunjuliwa, kama choo kinafikika bila kumruka aliyelala, na kama mpini wa sufuria unabaki mbali na mkono wa mtoto aliyesimama juu ya kitanda. Matrela mengi yanayopendeza kwenye picha hushindwa katika swali hili la mwisho, na letu la kwanza tulilolikagua lilishindwa pia, tukamshukuru muuzaji na kuondoka.